Nyoka amekula, mambo hayaendi: utatuzi wa matatizo baada ya mlo kwa wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini

Malalamiko mengi ya wafugaji wa nyoka wa Mbeya, Iringa na Njombe huja kati ya Mei na Agosti, na karibu yote yanafanana: nyoka alikula vizuri, akalala, halafu panya akarudi, yaani akatapikwa. Mwenye nyoka anaanza kuulizia dawa ya minyoo. Mara nyingi minyoo haihusiki hata kidogo. Nyoka amepigwa na baridi akiwa na tumbo limejaa.

Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe. Vimeng'enya vya tumbo lake hutegemea joto la nje, na kazi vinayoifanya ni kubwa. Chatu akishameza, utumbo mwembamba hunenepa, ini na moyo navyo huongezeka, na mwili hutumia nishati mara nyingi zaidi ya siku za njaa. Joto likishuka katikati ya shughuli hiyo, umeng'enyaji hulegea wakati panya ameshaanza kuoza tumboni. Nyoka mwenye bahati humrudisha. Asiye na bahati hubaki naye.

Kwa hiyo ushauri wa mfugaji wa Dar es Salaam au Kyela usiuchukue kama ulivyo ukiwa Uyole, Mbeya. Kyela iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini ni kama 1,700, na ukipanda Makete unakuta sakitu kwenye nyasi asubuhi za Juni na Julai.

Yanayofuata yanawahusu nyoka wasio na sumu wanaofugwa kwa kibali: chatu mdogo wa Afrika Magharibi (Python regius), chatu mkubwa wa kwetu, na nyoka wa nyumbani wa rangi ya kahawia. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haikuruhusu kuokota nyoka porini ukamweka ndani kwa sababu tu amekupendeza. Kibali kinaulizwa TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Na yule mzuri wa kijani na njano wa misitu ya Rungwe, Atheris rungweensis, ni jamii ya kifutu na ana sumu. Mwache huko huko mtini.

Kabla ya kumshuku nyoka, pima

Usipime kwa kiganja. Mkono uliotoka kuoshwa kwa maji ya bomba asubuhi ya Julai utakuambia kila kitu ni cha moto. Weka vipimajoto viwili, kimoja sakafuni upande wa joto na kingine upande wa ubaridi, pale pale tumbo la nyoka linapogusa. Kilichobandikwa juu ya kioo kinapima hewa ya juu, na nyoka halali juu.

Kwa chatu, upande wa joto uwe nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi na upande wa ubaridi 25 hadi 27. Nyoka wa nyumbani anatosheka na 28 hadi 30 upande wa joto. Sasa amka saa 11 alfajiri usome tena. Hicho ndicho kipimo chenye maana. Kizimba kinachosoma 32 saa 9 mchana na 19 alfajiri hakifai kulishia nyoka, hata kama mchana kinapendeza.

Amerudisha mlo

Hapa ndipo penye kesi nyingi, tukae kidogo.

Kwanza angalia kilichotoka, hata kama harufu inakufukuza. Panya aliyerudi siku ya kwanza au ya pili bado ni panya: amerefuka kuliko alivyoingia, manyoya yamelala upande mmoja na yamefunikwa na ute mzito, kichwa bado kinatambulika. Huyo hakumeng'enywa, na sababu karibu kila mara ni ya nje: baridi, kushikwashikwa, au ukubwa. Kitu laini cha kijivu kisicho na umbo, chenye manyoya yaliyonyofoka na harufu ya mzoga, kilichotoka siku ya nne au baadaye, kinaonyesha umeng'enyaji ulianza ukakwama. Hapo baridi bado ni mtuhumiwa wa kwanza, ila ugonjwa nao unaingia kwenye orodha.

Sababu, kuanzia inayoonekana zaidi:

1. *Baridi ya usiku.* Umeme ulikatika, LUKU iliisha usiku watu wamelala, au taa ya joto inazimwa usiku "ili apumzike". Taa inayotoa mwanga izimwe, sawa, lakini joto libaki: tumia mkeka wa joto au balbu ya kauri isiyo na mwanga.

2. *Ameshikwa mapema.* Saa 48 za kwanza hakuna kumtoa, na kwa mlo mkubwa ngoja mpaka uvimbe wa tumbo upungue kabisa. Wageni ndio shida. Mjomba amekuja kutoka Tukuyu, watoto wanataka kumwonyesha chatu, chatu anazungushwa sebuleni, na usiku panya yuko sakafuni. Mwambie mjomba kwa heshima kwamba leo atamwona kupitia kioo.

3. *Mlo mkubwa mno.* Mnyama asizidi unene wa sehemu pana ya mwili wa nyoka. Kwa uzito, kama asilimia 10 ya uzito wa nyoka inatosha. Huku kwetu kosa hili lina sura yake: simbilisi. Wanafugwa jikoni kwenye nyumba nyingi za Iringa na Njombe, ni rahisi kupatikana, na mtu anaona bora kutoa simbilisi mmoja kuliko kusaka panya watatu. Simbilisi mzima ni mlo wa chatu mkubwa. Kwa chatu mdogo wa mita moja, huyo ni tatizo lenye miguu minne.

4. *Panya wa friza aliyebaki na ubaridi katikati.* Nje anahisi vuguvugu, ndani bado barafu. Myeyushe kwenye friji usiku kucha, kisha umweke ndani ya mfuko uliofungwa na uuzamishe kwenye maji ya moto yasiyochemka. Mbinye tumbo: pakiwa pagumu au baridi, bado.

5. *Alikuwa anakaribia kuvua gamba, au hajazoea makazi mapya.* Macho yenye ukungu wa bluu ni ishara ya kusubiri. Nyoka mgeni mpe siku 7 hadi 10 kabla ya mlo wa kwanza.

6. *Ugonjwa.* Vimelea vya tumbo, maambukizi, na mbaya kuliko yote, Cryptosporidium. Dalili zake ni kurudisha mlo tena na tena kwenye joto sahihi, kukonda, na uvimbe katikati ya mwili unaobaki hata akiwa hajala. Kimelea hiki hakina tiba ya uhakika na hakiuawi na klorini ya kawaida ya kusafishia choo. Ukikishuku, nyoka wengine wasiguswe kwa mikono wala vyombo vile vile.

Cha kufanya: toa uchafu, safisha kizimba, badilisha maji ya kunywa, rekebisha joto, kisha usimlishe. Hili la mwisho watu hawalipendi, wanamwonea huruma na kumpa panya mwingine kesho yake. Asidi iliyopanda imechubua koo na tumbo limepoteza maji. Ukilazimisha, anarudisha tena na anadhoofika zaidi. Subiri siku 10 hadi 14. Mlo unaofuata uwe nusu ya kawaida au chini ya hapo. Ukikaa, endelea na midogo kwa mara mbili tatu kabla ya kurudi kwenye ukubwa wa zamani.

Simama hapa: akirudisha mara ya pili mfululizo wakati vipimajoto vyote viwili viko sawa, au ukiona damu, acha kujaribu. Mtafute daktari wa mifugo.

Tumbo bado limevimba baada ya siku nyingi

Kwenye joto sahihi, uvimbe wa panya wa kawaida hupungua ndani ya siku 4 hadi 6. Mlo mkubwa huchukua zaidi. Ukifika siku ya nane na uvimbe uko pale pale, soma kipimajoto cha alfajiri kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Kama ni baridi, pandisha joto taratibu, siku moja au mbili, usimrushe kutoka 20 hadi 33 kwa saa moja.

Uvimbe mgumu, uliosogea nyuma karibu na mkia, unaweza kuwa kinyesi kilichokwama au matandiko aliyomeza pamoja na mlo. Maranda ya mbao yanashikamana na manyoya yenye unyevu. Mlishie juu ya gazeti au trei tupu na tatizo hilo linapungua sana.

Simama hapa: tumbo linalojaa gesi na kukaza, ngozi kubadilika rangi kuelekea kijani au nyeusi pale panya alipo, au nyoka aliyelegea asiyejikunja ukimgeuza. Panya anaoza ndani. Usilikande tumbo kumsukuma panya atoke, utalipasua.

Hajanya

Chatu anaweza kukaa wiki kadhaa bila choo na akawa mzima kabisa, hasa akila mara moja kwa wiki tatu au nne. Ule ungaunga mweupe au wa manjano unaokauka kama chokaa ni mkojo wake, si ugonjwa.

Wasiwasi uanze pale anapokuwa ameshakula milo mitatu bila kutoa chochote. Sababu ya kwanza ni ukosefu wa maji. Kiangazi cha huku, Juni hadi Oktoba, hewa ni kavu na vifaa vya joto vinaikausha zaidi. Bakuli la maji liwe kubwa kiasi cha yeye kuingia mzima. Sababu ya pili ni baridi, tena. Ya tatu, kutotembea: kizimba kidogo, mlo mwingi.

Kama hana uvimbe wa mlo mbichi tumboni, mwogeshe: beseni lenye maji vuguvugu ya nyuzi 28 hadi 30, kina kisizidi nusu ya unene wake, dakika 15 hadi 20, wewe ukiwepo muda wote. Usifanye hivi ndani ya siku chache baada ya kula. Beseni hilo lisirudi jikoni: nyoka hubeba salmonela hata akiwa na afya, na mtoto wa chini ya miaka mitano asishike nyoka wala vyombo vyake.

Simama hapa: nyama nyekundu ikitokeza kwenye tundu la haja na kutorudi ndani. Huenda huo ni utumbo. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji yaliyokolezwa sukari, ambayo hupunguza uvimbe, usiuache ukauke, usiusukume kwa kidole. Daktari siku hiyo hiyo.

Anapiga miayo, anasugua uso, hatulii usiku

Mara nyingi si tatizo. Baada ya kumeza, taya zinarudishwa mahali pake, ndiyo maana anafungua mdomo na kuupindisha kushoto na kulia. Kutembea usiku wa kwanza pia ni kawaida: harufu ya panya bado ipo. Usiingize mkono usiku huo. Nyoka aliye kwenye hali ya kula hatofautishi vidole vyako na panya wa pili, na aking'ata ukiwa umemzoea usimlaumu.

Miayo inayoendelea siku ya tatu, ya nne, yenye mlio au mate, si miayo tena. Soma inayofuata.

Mate, povu, mlio kifuani, mdomo mwekundu

Anza na mwanga mzuri wa tochi. Ute kidogo mara baada ya kumeza ni wa kawaida. Unyoya au kipande cha tandiko kilichonasa kwenye fizi kinaweza kuleta mate mengi. Kikionekana wazi mbele, kitoe kwa kibanio kisicho na ncha kali. Kisipoonekana, usichokonoe.

Fizi zenye wekundu, vidoa vya damu, au usaha mzito kama jibini ni maambukizi ya mdomo. Chanzo mara nyingi ni jeraha la panya hai. Panya aliyeachwa ndani ya kizimba na nyoka asiye na njaa ataanza yeye kula, na nimeona mgongo wa chatu uliotafunwa hadi misuli ikaonekana. Lisha waliokufa. Wale wanaosema nyoka "anapoteza silika" akila mzoga hawajamwona anavyoukamata.

Kichwa kilichoinuliwa juu, mdomo wazi, viputo puani na mlio wa kukoroma ni maambukizi ya mapafu. Chanzo kikuu ni kile kile: usiku wa baridi, pengine na matandiko yaliyoloa. Pandisha joto mpaka kiwango cha juu cha kawaida chake, kausha matandiko, simamisha milo.

Simama hapa: dalili yoyote kati ya hizo mbili inahitaji daktari, joto peke yake halitoshi. Usimpe OTC ya kuku (antibayotiki ya oksitetrasaiklini) kwa kukisia. Sindano ya minyoo ya ng'ombe pia iache; kipimo chake kimetengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo.

Kinyesi chepesi au chenye harufu isiyo ya kawaida

Kama alikula kifaranga badala ya panya, choo laini kinatarajiwa. Kama alikula panya wa kutegwa nyumbani au shambani, hapo una mambo mawili ya kuogopa: vimelea, na sumu ya panya. Baada ya mavuno ya mahindi kila nyumba ina sumu kwenye ghala, na panya aliyelewa sumu ndiye rahisi kukamatwa. Fizi zilizopauka au damu kwenye kinyesi baada ya panya wa namna hiyo ni dharura. Tumia panya weupe waliozalishwa kwa kufugwa, basi.

Choo chepesi mara moja, mnyama mchangamfu: ngoja mlo mwingine. Mara mbili, au chenye damu: peleka sampuli mbichi.

Umeme umekatika na nyoka ameshakula

Nyoka mwenye njaa anavumilia usiku mmoja wa baridi. Aliyeshiba hana nafasi hiyo, kwa hiyo usilishe siku iliyotangazwa kukatwa umeme, na Juni na Julai punguza ukubwa wa milo.

Ikitokea ghafla, usimtoe. Funika kizimba kwa blanketi ukiacha tundu la hewa. Chemsha maji, jaza dumu la lita 5 ambalo halivuji, lizungushie khanga mbili, uliweke upande mmoja ndani ya kizimba au kuliegemea kwa nje. Nyoka asilifikie dumu tupu bila kitambaa, ataungua. Badilisha maji kila saa tatu nne. Lengo ni kutoshuka chini ya nyuzi 25, hata ukikosa 32. Kizimba kikiwa kikubwa mno, deli lenye matundu madogo ya hewa na dumu dogo ndani linashika joto vizuri zaidi, lakini kuhamisha nyoka aliyeshiba ni uamuzi wa mwisho.

Usiwashe jiko la mkaa chumbani. Najua ndivyo nyumba nyingi zinavyopashwa joto kuanzia Mafinga hadi Tunduma. Kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu inayotoka kwenye mkaa, haina harufu. Nyoka atakufa, na wewe uliyelala chumba cha pili pia.

Umeme ukirudi, angalia thamostati, kifaa kinachodhibiti joto, kabla ya kwenda kulala. Mkeka wa joto usio na thamostati unaweza kupanda hadi kuunguza tumbo la nyoka, na nyoka aliyepoa sana ataulalia bila kusogea.

Amegoma mlo unaofuata

Usihangaike. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi hugoma miezi wakati wa ubaridi, akiwa na afya. Mpime uzito kwenye mizani ya jikoni, uandike. Uzito ukishuka zaidi ya asilimia 10, au uti wa mgongo ukianza kuchomoza, tafuta sababu.

Wa kumpigia

Madaktari wengi wa mifugo wa huku wamesomea ng'ombe, mbuzi na kuku, na wachache wamewahi kumpima nyoka. Piga simu kwanza, uliza waziwazi. Kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) kilichopo Iringa ni mahali pa kuuliza kuhusu kupima sampuli za kinyesi, na kwa kesi nzito kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinachofundisha tiba ya wanyama.

Nenda na tarehe ya mlo, aina na ukubwa wa mnyama aliyeliwa, masomo ya kipimajoto ya alfajiri, na kile alichorudisha kwenye mfuko uliofungwa na kuwekwa baridi, si kwenye friza. Nyoka mwenyewe asafiri ndani ya mfuko wa pamba uliofungwa, mfuko ndani ya deli lenye matundu ya hewa, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa kando yake. Beba kibali chako, maana kwenye kizuizi cha barabarani utaulizwa. Kuhusu basi, kondakta hatakubali, na abiria hawatakubali zaidi. Tafuta gari binafsi na uondoke mapema ili baridi ya usiku isikukute njiani ukiwa na mgonjwa.